Top Hat (1935): jina lisilotajwa na miguu isiyofaa kukatwa

Mkasa wote wa Top Hat ungekwisha mapema kama mwanamume mmoja angesema, "Naitwa Jerry Travers." Hasemi. Na mwanamke aliyempenda, Dale Tremont, haulizi. Filamu hii ya mwaka 1935, iliyotengenezwa na studio ya RKO na kuongozwa na Mark Sandrich, inasimama juu ya upenyo huo mdogo kwa dakika 100 hivi bila kuyumba. Anayetafuta filamu ya Jumapili jioni nyumbani, au ya kikundi kidogo cha wapenzi wa sinema hapa Nairobi, ajue mambo mawili kabla hajaitafuta. Kwanza, ni kati ya vichekesho vya mapenzi vilivyosukwa kwa ustadi mkubwa kabisa kutoka Hollywood. Pili, ni rahisi mno kuiharibu kwa rimoti.

Jerry, anayeigizwa na Fred Astaire, ni mcheza dansi Mmarekani aliyekuja London kuongoza onyesho la jukwaani. Mwenye onyesho ni Horace Hardwick, bwana wa wasiwasi mwingi, ambaye ni Edward Everett Horton. Usiku wa kwanza Jerry anamwimbia Horace raha ya kuishi bila mke, kisha miguu inamshinda na anaanza kucheza palepale katika chumba cha hoteli. Chumba cha chini amelala Dale, yaani Ginger Rogers. Dari linatikisika. Dale anapigia mapokezi simu, mapokezi wanampigia Horace, Horace haelewi anachoambiwa na anaamua kushuka mwenyewe kuuliza. Dale naye amechoka kungoja, anapanda juu kugombana. Anamkuta Jerry peke yake.

Hapo pa kuangaliwa kwa makini. Ingetosha kuwapishanisha watu kwa bahati tu, na wengi huandika hivyo. Dwight Taylor na Allan Scott, walioandika hadithi hii, wamempa kila mmoja sababu yake ya kuwa alipo. Horace ametoka kwa sababu ya malalamiko ya Dale mwenyewe. Kwa maneno mengine, ni Dale aliyemwondoa chumbani mtu ambaye angemtambulisha Jerry. Kosa limeanza, na hakuna aliyelifanya kwa ujinga.

Kesho yake Jerry anamtumia Dale maua ya duka zima na kuyaandikisha kwenye hesabu ya chumba cha Horace. (Tazama msichana wa dukani: ni Lucille Ball kabla hajawa mtu wa kujulikana.) Anajifanya dereva wa gari la farasi ili ampeleke Dale kupanda farasi. Mvua inawakamata, wanajibanza kwenye kibanda cha bendi bustanini, na kufikia mvua kuacha, moyo wa Dale umeshakwenda. Ndipo inapokuja telegramu ya rafiki yake Madge kutoka Venice, na Dale anatambua kwamba mume wa Madge, ambaye hajawahi kumwona, yuko katika hoteli hiyohiyo. Anauliza mapokezi, Bwana Hardwick ndiye yupi? Anajibiwa: yule mwenye mkoba na bakora, pale ghorofa ya kati. Jibu ni la kweli kabisa. Ila Dale anapoinua macho, mkoba na bakora vimeshahamia mikononi mwa Jerry.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Dale ametazama na ndiko kulikomponza. Kuanzia hapo kila ushahidi mpya unalithibitisha kosa lake badala ya kulivunja. Maua? Yalilipiwa na chumba cha Hardwick. Chumba alichokuwamo usiku ule? Ni cha Hardwick. Anakwenda Venice, anamweleza Madge kwamba mumewe alimwandama London, na Madge, ambaye Helen Broderick anamwigiza kwa utulivu wa mtu anayeijua ndoa yake hadi uvunguni, anacheka tu. Horace wake anamfahamu. Haoni cha kushangaa. Halafu Madge, ambaye kwa muda mrefu ametaka kumkutanisha Dale na Jerry, anawasukuma wakacheze dansi, na kwa ishara ya mkono anawahimiza wakaribiane zaidi. Yeye anaona vijana wawili wanaofaana. Dale anaona mke akimkabidhi mume wake mwenyewe. Sura ya Ginger Rogers katika sekunde hizo chache ndiyo kichekesho bora zaidi cha filamu nzima, na hakuna neno linalosemwa.

Mtazamaji aliyekulia kwenye Vitimbi au Vioja Mahakamani anaujua mtego huu: mtu mmoja hajui jambo ambalo sebule nzima inalijua, na raha yote ni kungoja. Ila vichekesho vingi vya utambulisho kukosewa huchosha kwa sababu anayekosea ni mjinga au mbaya. Dale si hivyo. Anakasirika kwa sababu anamheshimu rafiki yake, na anampiga Jerry kofi kwa sababu anadhani Madge anadhulumiwa. Angekuwa na tabia mbaya kidogo, mkasa ungekwisha au ungegeuka mchungu. Jerry kwa upande wake hana kosa lolote analolijua, kwa hiyo kila kofi kwake ni fumbo, na anazidi kumpenda. Uzito wa hadithi umewekwa mahali pamoja tu, na mahali hapo panaubeba.

Lakini filamu hii haikumbukwi kwa hadithi. Inakumbukwa kwa nyimbo tano za Irving Berlin na kwa dansi ambazo Astaire alizitunga pamoja na Hermes Pan. Dansi hizi si mapumziko ya kukatisha mazungumzo. Ndimo mapenzi yanamoendelea huku maneno yakiwa yamefungwa na lile kosa. Kwa mdomo Dale anamkataa Jerry, kwa miguu anamkubali. Ukizitazama kwa mpangilio huo utaona filamu tofauti na ile ya wanaosogeza mbele kila wimbo ukianza.

Dansi ya kwanza, ile ya usiku, ina sehemu mbili. Ya kwanza ni tapu, yaani dansi ya viatu vyenye vibati vya chuma chini ya soli, na ni ya kelele makusudi, kwa sababu ndiyo inayomwamsha Dale. Ya pili ni kinyume chake. Baada ya Dale kurudi chini amekasirika nusu na nusu anatabasamu, Jerry anachukua mchanga wa kuzimia sigara, anaunyunyiza sakafuni, na kucheza juu yake polepole kama anayembembeleza mtoto. Kinachosikika ni mchakacho tu. Chini, Dale analala. Hawajashikana hata mkono, na tayari mmoja amemchezea mwenziwe hadi usingizini.

Ya pili, ya kibanda cha bendi, ningeiweka juu ya zote. Dale amevaa suruali na buti za kupandia farasi, si gauni, na hilo linabadilisha kila kitu. Jerry anatembea, Dale anamfuata nyuma akiigiza mwendo wake. Anapiga hatua, Dale anairudia. Anaongeza, naye anaongeza. Kwa muda mrefu hawagusani. Ni mashindano, kama ya vijana wawili kwenye uwanja wa ngoma kila mmoja akimpima mwenziwe, mpaka radi inapiga, mwendo wa muziki unabadilika, na ghafla wanazunguka wakiwa wameshikana. Inamalizika wakiwa wameketi ukingoni mwa kibanda, wanapeana mikono. Kupeana mikono! Hakuna busu ambalo lingesema zaidi ya hapo. Anayedhani Ginger Rogers alikuwa pambo la Astaire aitazame sehemu hii mara mbili, ya pili akimtazama Ginger peke yake. Yeye ndiye anayeigiza huku akicheza: unaona wakati hasa anapoacha kujilinda.

Wimbo uliobeba jina la filamu ni wa jukwaani. Astaire amevaa kofia ndefu nyeusi, tai nyeupe na koti la mkia, nyuma yake safu ya wanaume waliovaa vivyo hivyo. Anawaangusha mmoja mmoja, bakora ikiwa bunduki na vishindo vya viatu vikiwa risasi, na wa mwisho anamlenga kama anayevuta upinde. Alikuwa amejaribu wazo la namna hiyo jukwaani New York mwaka 1930 katika onyesho lililoanguka haraka. Hapa limeiva. Halihusiani sana na mapenzi ya Jerry na Dale, lakini linathibitisha jambo ambalo hadithi inalihitaji: huyu kweli ni nyota, kelele za usiku ule hazikuwa za mlevi.

Wa nne ni "Cheek to Cheek", ambao hata asiyewahi kuisikia Top Hat huenda anaujua, maana filamu The Green Mile ya 1999 iliutumia. Kiitikio chake kina mizani 72 (yaani vipimo vya mdundo wa muziki, si silabi), zaidi ya mara mbili ya nyimbo nyingi za mapenzi za wakati ule zilizokuwa na mizani 32. Urefu huo si wa kujionyesha. Unampa Astaire nafasi ya kuanza kama anayezungumza, akapanda hadi sauti ya juu ambayo kwake ni ya kujikakamua kidogo, kisha wimbo unageukia huzuni kwa mistari michache kabla haujarudi. Mwisho wake wanavuka daraja na kuingia ukumbi mtupu, na dansi inaendelea pale wakiwa peke yao. Wapenzi wa rumba hapa Nairobi wataelewa haraka kinachofanyika: si hatua nyingi, ni namna uzito unavyohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Dale anapolazwa nyuma mkononi mwa Jerry, amesahau kwamba huyu ni mume wa mtu. Muziki ukisimama anakumbuka, na uso unabadilika palepale.

Gauni la sehemu hiyo lina historia yake. Lilishonwa kwa manyoya ya mbuni kwa matakwa ya Ginger mwenyewe, na lilikuwa la samawati hafifu ingawa filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Manyoya yalikuwa yakinyofoka na kupeperuka kila walipozunguka, yakimwingia Astaire usoni na kunata kwenye koti lake. Ulizuka ugomvi, Ginger hakukubali kulibadilisha, na baadaye Astaire alimpa zawadi ya unyoya mdogo wa dhahabu. Ukitazama kwenye skrini nzuri utayaona machache yakielea. Na Ginger alikuwa na haki: gauni linaendelea kusogea nusu sekunde baada ya mwili kusimama, kwa hiyo kila mzunguko unaonekana kuwa na mwisho laini. Gauni la kawaida lisingefanya hivyo.

Wa tano, "The Piccolino", ndipo filamu inapoanza kulegea. Ni dansi ya kundi kubwa katika Venice ya kubuni: mifereji iliyojengwa ndani ya studio, maji yakatiwa rangi nyeusi ili majengo meupe yang'ae. Kama kazi ya maseremala na wapambaji, inastaajabisha, na idara hiyo chini ya Van Nest Polglase ilistahili kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Kama dansi, wanaotakiwa kuonekana wanachelewa kutokea. Wimbo wenyewe unasimulia tu wimbo. Atakayekwenda jikoni kuongeza chai aende hapa, arudi Astaire na Rogers wanapoinuka mezani.

Ulegevu wa nusu ya pili una sababu inayojulikana. Baada ya maonyesho ya majaribio ya Julai 1935 filamu ilipunguzwa kama dakika 10, nyingi kutoka sehemu ya mwisho ya sherehe za Venice. Ndiyo maana ufumbuzi unakuja kwa haraka: dakika moja kuna ndoa ya hasira, dakika nyingine watu wako ndani ya mashua, na anayetazama bila makini anauliza nani amejuaje nini. Jibu linapatikana kwa Bates, mtumishi wa Horace, anayeigizwa na Eric Blore. Mfuate huyo tangu mwanzo. Horace amemtuma amchunguze Dale, naye anajibadilisha mavazi kila mara. Ukimwona na kola iliyogeuzwa nyuma mbele, kumbuka umeiona. Sitasema zaidi.

Bates pia ndiye anayepoteza zaidi kwa asiyefuata Kiingereza chake. Anajiita kwa wingi, "sisi ni Bates," kana kwamba yeye na bwana wake ni mwili mmoja, na wakati huohuo hawasemezani kwa sababu ya ugomvi wa mtindo wa tai. Horton naye ana ufundi wake wa uso: anaambiwa jambo, anatabasamu kukubali, anageuka, na hatua mbili mbele maana inamfikia. Huo hauhitaji lugha. Lakini mazungumzo ni ya kasi, na Nairobi ambayo imezoea filamu za kigeni zikisimuliwa kwa Kiswahili na Sheng kwa mtindo wa DJ Afro haitakuwa mvivu ikiwasha manukuu ya Kiingereza. Ziwashe. Ukimwonyesha mtu asiyefuata Kiingereza, simama mara moja tu, kwenye tukio la mkoba na bakora, umweleze Dale ameona nini na amedhani nini. Akishalielewa hilo, mengine atayaona mwenyewe.

Kuna la kulalamikia zaidi. Alberto Beddini, mshona nguo Mwitaliano anayemfadhili Dale, ni kikaragosi: lafudhi, kelele, upanga. Erik Rhodes anamwigiza kwa bidii na anachekesha, lakini kichekesho ni kimoja kikirudiwa, na serikali ya Mussolini iliipiga filamu marufuku Italia kwa kuudhika. Wakenya wanaojua wanavyochorwa kwenye filamu za wengine wataitambua ladha hiyo mara moja. Vilevile aliyeiona The Gay Divorcee ya 1934 atahisi anarudishwa palepale: waigizaji karibu walewale, Horton, Rhodes na Blore, na mwanamke yuleyule anayemdhania Astaire kuwa mtu mwingine. Top Hat ni bora kwa sababu kosa lake limeshonwa vizuri zaidi, lakini usizitazame wiki moja.

Sasa rimoti. Picha ya filamu hii ni karibu mraba: kwa kila sentimita 100 za kwenda juu, upana ni 137. Runinga za leo ni pana zaidi, kwa hiyo lazima ubaki ukanda mweusi kushoto na kulia. Kwenye runinga ya inchi 55 kila ukanda ni kama sentimita 14. Huo si ubovu, na ndipo watu wengi wanapokosea: wanavuta picha ijaze kioo. Ukiivuta hivyo unakata karibu robo ya picha, juu na chini, na kilichoko chini ni miguu. Astaire alisisitiza dansi zipigwe picha mwili mzima, kutoka kichwani hadi viatuni, kwa mikato michache kadiri iwezekanavyo, ili mtu aone kwamba hakuna ujanja. Ukikata miguu umenunua filamu ya dansi isiyo na dansi. Kuitanua kwa upana nako kunamgeuza Astaire, aliyekuwa mwembamba kama ufito, kuwa mtu mfupi mnene. Chagua ukubwa wa asili au 4:3. Kujaribu, nenda kwenye kibanda cha bendi: ukiona viatu pamoja na sakafu iliyo chini yake, umepatia.

Zima kile kipengele cha runinga kinacholainisha mwendo. LG wanakiita TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Auto Motion Plus. Filamu ina picha 24 kwa sekunde, na kipengele hicho hubuni nyingine za katikati. Kwenye miguu inayokwenda kasi na kwenye bakora kinaacha vivuli, na mdundo wa jicho unatengana na mdundo wa sikio. Chagua hali ya filamu badala ya ile ya rangi kali ya kuvutia wanunuzi dukani, maana kuta za Venice ni nyeupe juu ya nyeupe, na mwanga ukizidi, manyoya na ukuta vinakuwa kitu kimoja. Zima taa. Filamu ya rangi nyeusi na nyeupe haina rangi ya kukuokoa kwenye chumba chenye mwanga.

Sauti ni ya mkondo mmoja. Wufa lenye besi iliyofunguliwa hadi mwisho, kama lilivyozoeshwa kwa reggae na gengetone, halina kazi hapa: linakuza mvumo wa kanda ya zamani na kuufunika mlio wa vibati vya viatu, ambao ni wa juu na mkavu. Punguza besi hadi chini ya nusu, ongeza sauti za juu kidogo tu, na zima kila kitu kinachojaribu kuisambaza sauti chumba kizima. Spika mbili ziwe karibu na picha. Zikikaa mita nne mbali, aliyeketi pembeni atasikia miguu ikitembea ukutani. Vishindo vyenyewe vilirekodiwa upya baada ya kupiga picha: Astaire alijirekodia vyake, na vya Ginger vilipigwa na Hermes Pan. Kwa hiyo ni safi kuliko unavyotarajia katika filamu ya umri huo. Kama ile dansi ya mchanga haisikiki, tatizo ni la chumba. Na stima ikipotea mkawasha jenereta nje ya dirisha, ni afadhali kuisubiri irudi kuliko kuipoteza sehemu hiyo.

Kuhusu nakala. Diski za DVD zimegawanywa kwa maeneo: za Marekani ni eneo 1, Kenya iko eneo 5, na mashine isiyofungua maeneo yote itaikataa diski halali uliyoletewa na ndugu kutoka Marekani. Unaponunua mashine Luthuli Avenue, beba diski yako na ijaribiwe kabla hujalipa. Nakala zilizotengenezwa kwa runinga za Ulaya huchezwa kwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu inakuwa fupi kwa kama dakika nne na sauti inapanda kiasi cha kukaribia nusu toni. Kwenye mazungumzo hutagundua. Kwenye wimbo utagundua, hasa Astaire anapofika juu. Soma urefu ulioandikwa: 99 hadi 101 ni mwendo sahihi, 95 hadi 97 ni ule wa haraka, na pungufu ya 94 kuna kilichokatwa. Faili za kwenye flashi kutoka maduka ya muvi zina tatizo jingine zaidi ya lile la haki: hubanwa hadi ndogo sana, na kinachopotea kwanza katika kubana ni mwendo wa haraka na vitu vidogo, yaani miguu na manyoya.

Wanaotaka kuionyesha kwa kundi wapime skrini kwa kimo, si kwa upana. Skrini ya mita 2 ya umbo la kisasa ina kimo cha mita 1.12 hivi, kwa hiyo picha itakuwa na upana wa mita 1.5 tu. Kwa watu 30 hiyo ni ndogo. Tafuta skrini ya zamani yenye umbo la 4:3, ambayo mara nyingi hukaa bila kazi kwenye kumbi za makanisa na shule kwa sababu haifai kwa filamu mpya. Iinue ili ukingo wa chini uwe juu ya vichwa vya safu ya mbele, la sivyo safu ya nyuma haitaona viatu. Mapumziko si ya lazima, lakini mkiyahitaji, yawekeni hadithi inapohamia Venice, kamwe si kati ya telegramu na kofi. Onyesho la hadharani linahitaji ruhusa ya mwenye haki pamoja na utaratibu wa bodi ya uainishaji filamu, KFCB, hata kama hamtozi kiingilio. Filamu hii bado ina mwenyewe: Marekani haki zake zinakwenda hadi mwisho wa 2030.

Kwa watoto haina tatizo. Hakuna matusi wala damu, makofi ni mawili matatu, na mzaha wa ndoa utawapita juu ya kichwa. Watakachouliza ni kuhusu tapu, na hapo mwambie mtoto kwa urefu. Mtindo huu ulizaliwa Marekani, midundo ya Waafrika waliotumikishwa ilipokutana na dansi za miguu za Waayalandi na Waingereza. Mabingwa Weusi kama Bill Robinson na John W. Bubbles walikuwa wakiucheza kwa kiwango ambacho Astaire mwenyewe alikiheshimu, lakini studio za 1935 hazikuwapa hadithi ya mapenzi ya kuongoza. Katika Venice yote hii ya kubuni, mpaka kwenye kundi kubwa la mwisho, hakuna mahali walipowekwa.

Jambo hilo linawahusu pia watakaoipenda Top Hat na kutaka nyingine. Astaire na Rogers walicheza pamoja filamu 10, kuanzia 1933 hadi 1949, na hii ilikuwa ya nne. Inayofuata kwa ubora ni Swing Time ya 1936, ambayo kwa dansi peke yake huenda inaishinda. Ila ndani yake kuna sehemu ambayo Astaire anapakwa rangi nyeusi usoni kumwenzi Robinson. Iko baada ya nusu ya filamu, inachukua dakika kadhaa, na mtu anayeionyesha kwa wageni Nairobi awaambie kabla taa hazijazimwa.